Santuri ya Mukuju

Mmenitaka niandike kuhusu miaka yangu kituoni, nami nimekubali kwa kuwa kuandika ni kazi ya kuketi. Vyeo sitavitaja. Katika redio yetu ya Tororo kupandishwa cheo maana yake ilikuwa kupewa ufunguo wa chumba kingine kilichoharibika. Nitawaeleza niliyofundishwa, halafu nitawaeleza habari ya santuri moja, kwa sababu mara nyingi mnaniuliza kwa nini nilikataa mtambo wa kuchezea santuri utupwe, nami hujibu kwamba nimechoka kueleza. Leo nitaeleza, kisha mniache.

Mimi ni Auma, mtoto wa wakulima wa Dabani. Niliingia kituoni nikitoka chuo cha ufundi, nikijua umeme kidogo na sauti sijui kabisa. Fundi mkuu alikuwa Mzee Oboth, Mjapadhola mwembamba mwenye pumu, aliyevaa sweta jua likiwaka. Siku ya kwanza nilidhani atanionyesha meza ya mitambo. Alinivika visikilizio, akafungua maikrofoni katika chumba kisicho na mtu, akaniuliza, "Unasikia nini?"

"Hakuna kitu, Mzee."

"Sikiliza tena."

Nilisikiliza mpaka masikio yakawasha. Kwanza likaja friji la duka la soda la jirani. Halafu jogoo. Halafu kitu kama mlango unaofunguliwa polepole na kufungwa, nacho kilikuwa kifua cha Mzee Oboth mwenyewe, aliyesimama nyuma yangu.

"Sasa," akasema, "siku mgeni akiwa hewani ukisikia hizo, utajua si zake. Chai iko pale."

Hayo ndiyo mafunzo niliyopata. Mengine niliyaokota. Nilijifunza kusafisha kichwa cha mashine ya kaseti kwa pamba na spiriti, na kuificha spiriti mbali na walinzi. Nilijifunza kurudisha utepe kwa penseli. Nilijifunza kuchomoa waya wa mlingoti mawingu yakianza kukusanyika, maana radi za Tororo hazina heshima na mitambo ya watu. Zaidi ya yote nilijifunza matangazo ya vifo. Nyinyi vijana mnayaona kama mzigo wa saa saba mchana, lakini ndiyo yaliyowafanya watu wa Bulumbi na Mukuju wanunue betri. Mtu anakuja na karatasi mkononi, macho mekundu, na kila jina katika karatasi ile lazima lisomwe sawasawa, kwa sababu atakayesahauliwa jina lake hatakuja msibani.

Mzee Oboth alikuwa na hadithi moja aliyoirudia kila umeme ulipokatika. Ujanani, kabla ya miaka ya vurugu, alikuja tajiri mmoja wa santuri kutoka upande wa Kenya na gari lenye mashine ya kunasia sauti. Akamwajiri Oboth abebe nyaya. Wakaenda Mukuju baada ya mavuno ya mtama, uwanja wa soko ukiwa umejaa watu na pombe, wakanasa ngoma ya Owor na wenzake. Owor alipiga tongoli, kile kinanda cha nyuzi cha Wajapadhola, na wenzake ngoma. Hawakupelekwa studio. Walinaswa palepale uwanjani, na watu wakipiga kelele.

"Watu hudhani santuri nzuri ni isiyo na kelele," Oboth alikuwa akisema. "Ile ilikuwa na kelele yote ya Mukuju. Mpaka mbuzi."

Santuri zikachapwa chache, zikauzwa, zikaisha. Tajiri alifunga duka, utepe wa asili ukapotea naye. Halafu zikaja zile nyakati za watu kukimbia nyumba, na gramafoni ni kitu cha kwanza mwizi kubeba. Oboth hakubaki na hata moja. Jalada alilikumbuka: majina ya wanaume wanne.

"Lakini kulikuwa na mwanamke," akaongeza siku moja. "Aliimba nusu ya upande wa pili. Sauti kama ya mtu anayekuita toka ng'ambo ya mto. Sikumwona uso. Betri ilikuwa nyuma ya gari, na mimi nilikuwa na betri."

Pumu ilimchukua Mzee Oboth msimu wa mvua. Mimi ndiye niliyekuwa mitamboni tangazo lake liliposomwa. Mtangazaji alikosea jina la kijiji chake, nikamsimamisha hewani na kumwambia arudie. Nilipewa barua ya onyo. Sijui niliiweka wapi.

Muda si mrefu baada ya hapo, walikuja watu wawili kutoka Mukuju kutangaza kifo. Aliyekufa alikuwa Owor. Karatasi aliishika mdogo wake, Mzee Ochwo, katekista, mtu wa kifua kipana na sauti ya kupasua kuni, kiasi kwamba akisema "habari" sindano za mita zangu zilikuwa zinaruka. Nyuma yake alikuja mjane, mama mfupi aliyejifunga shuka kiunoni juu ya gomesi, lile gauni refu la mama zetu. Alisubiri shemeji yake amalize kulipia, ndipo akasema:

"Mukisoma jina lake, mupige na wimbo yake. Ile ya sahani."

Watu wa umri wake santuri waliiita sahani. Mtangazaji akamwambia hatuna.

"Iko. Walikuja na gari, wakashika sauti. Hata mimi naimba humo."

Mzee Ochwo aligeuka taratibu. Hakukasirika. Alizungumza kwa upole, jinsi mtu anavyomfunika mtoto blanketi. "Shemeji, msiba inakuchanganya. Wewe haukuimba. Wewe ulipika. Walioimba ni wanaume, wameandikwa pale juu."

Mtangazaji alicheka kidogo, kicheko cha kumpendeza katekista. Mama akanitazama mimi niliyekuwa mlangoni. Sijui alijuaje, labda kwa jinsi nilivyomwamkia, lakini alinijibu kwa Kisamia. Alikuwa mzaliwa wa Bulumbi, aliolewa Mukuju akiwa msichana. Jina lake Nabwire.

"Mulembe, dada. Wewe ni wa kwetu. Mi sidanganyi. Niko ndani ya ile sahani."

Nikamkumbuka Oboth na betri yake. Nikamwambia, "Nitaitafuta, Mama." Ni neno jepesi. Ningejua lingekaa mabegani mwangu muda gani, ningejifanya nasikia simu.

Nilianza na vilabu vya Malaba, ambako wenye baa wa zamani waliwahi kuwa na mitambo ya santuri. Wote waliikumbuka, hakuna aliyekuwa nayo. Nilimwendea mwalimu mmoja mstaafu huko Bulumbi aliyesifika kwa gramafoni yake. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea tenzi za kanisani pande zote mbili kwa kila santuri aliyonayo, na kwa adabu sikuweza kuondoka. Tulitangaza hewani kwamba tunatafuta sahani ya zamani ya Mukuju. Mtu akapiga simu kutoka kijiji cha mbali akisema anayo, imetunzwa, haina ufa. Nilikwenda kwa bodaboda, njia ya matope, nikashuka nimelowa. Akaniletea sahani ya bati yenye maua, ya bibi yake. Kweli ilikuwa ya zamani. Kweli haikuwa na ufa. Nilikula chakula ndani yake.

Nabwire naye alikuwa akipita kituoni kila alipokuja mjini kwa dawa za presha. Hakuingia ndani. Alisimama dirishani.

"Bado?"

"Bado, Mama."

"Haya. Nakwenda."

Hakulaumu, na hilo ndilo lililochosha. Kidogo kidogo nilipata kujua mambo ya nyumbani kwake. Pale Mukuju walimpachika jina la Sahani. Watoto walimwimbia akipita na debe la maji. Alipowaambia akina mama wa kanisa kwamba aliwahi kuimba mbele ya uwanja mzima, walimwombea. Binti yake, Athieno, aliyebaki naye nyumbani, alikuwa ameshaamua kumwamini baba yake mdogo. Siku moja walikuja wote wawili, na nikamsikia Athieno akimwambia pale nje, bila ubaya, "Maama, wacha tu. Mutu anaweza kuota kitu mpaka anaona kilitokea."

Nabwire alifunga upya shuka yake, wakaenda.

Kompyuta zilikuja. Nazikaribisha, sisemi vibaya. Kompyuta haihitaji penseli. Ghala la kaseti lilifagiliwa, na mtambo wa santuri ukatolewa nje pamoja na viti vilivyovunjika. Nikaurudisha ndani kwa mikono yangu, nikauweka chini ya meza yangu na kuufunika gunia. Meneja akaniuliza ni wa nini. Nikasema ni wa miguu, nauwekea miguu. Alinionea huruma kama mtu mzee, nami niliitumia huruma hiyo mpaka mwisho.

Ukweli ni kwamba wakati huo nilikuwa nimeshaacha kutafuta. Sikumwambia Nabwire. Aliposema "bado?" nilijibu "bado" kama mtu anavyojibu salamu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, vigoda vya studio vilikuwa vimechakaa mpaka wageni walikuwa wakiinuka na msumari. Nikatumwa kushonesha mito ya duara. Nilivuka Busia kwenda upande wa Kenya, kwa fundi mmoja wa cherehani anayeitwa Mama Rispa, ambaye kibanda chake kiko nyuma ya wauza mitumba. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mkasi mkubwa. Nikamweleza ukubwa ninaoutaka kwa kuonyesha kwa mikono.

"Usihangaike, dadangu, kipimo ninacho," akasema. Akavuta kitu cheusi chini ya vitambaa, akakilaza juu ya sponji, akakizungushia chaki.

Nilikuwa nimechoka na jua, na kwanza niliona duara tu. Ndipo alipokiinua, mwanga ukapita juu ya mistari yake.

"Mama Rispa, hiyo ni santuri."

"Ni kipimo changu. Marehemu mume wangu aliipata kwa jamaa wa Mukuju, wakibadilishana na jogoo. Hatukuwa na mashine ya kuipiga. Basi nikaona duara yake ni safi."

Karatasi ya katikati ilikuwa imefifia na kujaa alama za chaki. Nililowesha kidole, nikapangusa. Likatokea jina, herufi moja moja: *Owor*. Nikakaa juu ya mafungu ya vitambaa vya watu.

"Nipe hii."

"Nikupe? Na mimi nitakata nini, sura yangu?"

Hakutaka kitu kingine. Alitaka kipimo. Kwa hiyo nilikwenda kwa seremala, akanikatia duara la mbao nyembamba, akalipiga msasa. Mama Rispa aliligeuza, akalipima kwa jicho, akasema limezidi kidogo. Kisha akanipa santuri, akaifunga katika kipande cha satini kilichobaki kwenye shela ya bibi harusi, kwa sababu, alisema, usilale ukidhani watu wa mpakani hawana adabu.

Sasa hili ni la kazi, lishikeni. Santuri iliyochafuka usiikwangue. Maji safi ya uvuguvugu, tone la sabuni ya mtoto, kitambaa laini, na mkono ufuate mistari, usiikate. Kausha kivulini. Ile ilikuwa imepinda, nikailaza katikati ya vioo viwili penye jua la asubuhi tu, nikiiangalia kama maziwa jikoni. Mkanda wa mtambo ulikuwa umeoza. Nilikata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli. Sindano ilikuwa ikiruka, nikaigandishia kifungo cha koti juu ya kichwa chake ili iwe nzito.

Upande wa kwanza ulikuwa umekwaruzwa na mkasi vibaya. Sauti ilikuwa mvua ya mawe, na nyuma ya mvua tongoli. Niliuacha, nikageuza.

Upande wa pili ulianza na uwanja. Nasema uwanja, kwa sababu wimbo haukuwa umeanza. Watu wanacheka, mtu anagonga chupa, mbuzi wa Oboth yuko, kweli yuko. Tongoli likaingia, na sauti ya mwanamume ikaimba kwa Kidhopadhola, lugha ya Wajapadhola, mstari mmoja, ikaacha. Kisha akasema, bila kuimba, kama mtu anayemwita mkewe aje aone kitu: "Nabwire, itikia."

Akaitikia.

Sitawaeleza sauti ile, mnayo sasa katika kompyuta zenu, sikilizeni. Niseme tu kwamba nilivua visikilizio kabla wimbo haujaisha, nikatazama ukuta. Nilidhani nitafurahi. Nilichokisikia kwanza ni uchovu wa miaka yote ile ukishuka kutoka mabegani, na ukishuka unauma kuliko ulipokuwa juu.

Nikainasa kwenye kompyuta bila kuipunguzia kelele hata moja. Kesho yake nikachukua spika ndogo na kinasa sauti, nikaenda Mukuju.

Nabwire alikuwa uani akimenya muhogo. Amepungua mwili kuliko nilivyomjua dirishani. Aliniona na mfuko, na kwa mara ya kwanza hakuniuliza.

"Mulembe, Mama. Nimeipata."

Alimaliza kwanza muhogo uliokuwa mkononi. Kisha akamwambia Athieno, "Nenda uite Ochwo."

Athieno alisita. "Maama, ya nini? Tusikie sisi kwanza."

"Mwite."

Mzee Ochwo alikuja polepole na fimbo, amezeeka, kifua bado kipana. Akapewa kiti. Tulisalimiana kwa urefu, tukaulizana mvua na mahindi. Hakuna aliyetaja santuri. Niliweka spika juu ya kinu kilichopinduliwa, nikabonyeza.

Uwanja ukaja. Watoto wa jirani wakasogea uani. Tongoli, mstari, halafu Owor, aliyekwisha kuzikwa nyuma ya nyumba ile ile, akasema, "Nabwire, itikia." Athieno aliziba mdomo kwa mkono wake wenye unga wa muhogo. Mama yake alikuwa akitazama chini, na sauti yake ya usichana ikapanda juu ya uwanja wote.

Sikuangalia Nabwire. Mwenye mazoea ya mitambo huangalia wasikilizaji wengine. Ochwo alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu juu ya fimbo, kama mtu anayejiandaa kusema neno la busara litakalomaliza jambo. Ubeti wa pili ukaisha, na hapo katika santuri, karibu kabisa na maikrofoni, mwanamume mmoja kijana akapaza sauti ya kupasua kuni:

"Imba, shemeji! Ugali utajipika!"

Uwanja mzima ukacheka, na ngoma zikashika kasi.

Mimi nilikuwa nimeisikia ile sauti studioni nisiitambue. Pale uani hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mtoto mmoja wa jirani akasema, "Hiyo si Mzee Ochwo?" akavutwa sikio na dada yake.

Wimbo ukaisha. Ochwo hakuinua kichwa.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza tena mpaka pale, na midomo yake ikatikisika pamoja na ile kelele.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa na nguvu." Alipoendelea hakumtazama mtu. "Tulipookoka, mambo ya pombe na ngoma tuliyaweka nje. Mke wa kaka yangu kuimba mbele ya walevi... nikaona ni aibu ya nyumba. Nikasema haikutokea. Mtu akisema kitu siku zote, shemeji, hata yeye anakiamini. Mimi nilikiamini."

"Najua," alisema Nabwire.

"Watoto walikuita Sahani, na mimi nikawaacha."

"Najua, Ochwo."

Hakumpunguzia wala hakumwongezea. Ochwo alishuka kitini, kwa taabu, akapiga magoti mbele yake, mwanamume mzee na katekista, jambo ambalo katika nchi ile ni la wanawake. Nabwire akamshika kiwiko, akamwinua, akimwambia kwamba pale chini kuna muhogo. Athieno alilichukua beseni kutoka mbele ya mama yake, akakaa chini karibu na miguu yake, akaanza kumenya huku machozi yanadondoka humo.

Tuliirusha hewani Jumapili, baada ya matangazo ya vifo. Nilimwandikia mtangazaji majina kwa herufi kubwa: Owor na Nabwire. Wapo waliopiga simu kulalamika kwamba redio inakwaruza. Wapo waliopiga wakilia, kila mmoja amemsikia mtu wake katika ule umati. Mengine mnayajua, mlikuwepo.

Lakini siku ile uani, kabla sijafunga mfuko, tabia ya kazi ilinishika. Nilitoa kinasa sauti, nikaona hapa kuna mwanamke aliyeimba ule wimbo, yu hai, ana akili zake, na mimi nastaafu. Nikamsogezea maikrofoni.

"Mama Nabwire, tuimbie sasa ubeti mmoja tu. Watu wakusikie ulivyo leo."

Aliitazama maikrofoni, akaisukuma taratibu kwa nyuma ya mkono, kama mtu anayekataa chakula kwa kuwa ameshiba.

"Hapana, dada. Mi nilishaimba," akasema. "Sasa nyinyi sikilizeni."